Umbea, Masengenyo na Kusingiziana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mafundisho ya Biblia

Haya ni maswali ambayo watu huuliza kwenye vipindi vya kujifunza Biblia, kwenye mafundisho ya ndoa, na zaidi sana baada ya ibada, mtu anapokuvuta pembeni na kuanza na "samahani, kuna jambo". Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Kusengenya, kusingizia na kuchongea: ni dhambi moja au tatu?

Kusingizia ni kumbandika mtu jambo asilolifanya. Kusengenya ni kumsema vibaya akiwa hayupo, hata kama unayoyasema yametokea. Kuchongea ni kuyapeleka maneno kwa mtu mwenye uwezo wa kumdhuru (bosi wake, mchungaji wake, mume wake) ili yamdhuru. Majungu ya ofisini huchanganya yote matatu.

Biblia haiyapangi kwa madaraja. Warumi 1:29-30 inawataja wenye kusengenya na wenye kusingizia katika orodha moja na uuaji. Walawi 19:16 inasema, "Usiende huku na huko kama mchongezi kati ya watu wako", na mstari huohuo unaendelea kukataza kusimama kinyume cha damu ya jirani. Maneno na damu vimewekwa mahali pamoja, na ukisoma kisa cha Doegi hapa chini utaona kwa nini.

Kama ninachosema ni kweli, kosa langu liko wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na anayeliuliza mara nyingi huwa ameshajipa ushindi. Mpeleke kwa Doegi.

Daudi anamkimbia Sauli. Anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, anamdanganya kwamba mfalme amemtuma kwa shughuli ya siri, anapewa mikate na upanga wa Goliathi, anaondoka. Siku hiyo Doegi Mwedomi, mkubwa wa wachungaji wa mifugo ya Sauli, alikuwapo (1 Samweli 21). Baadaye Sauli ameketi Gibea, mkuki mkononi, akiwalalamikia watumishi wake kwamba hakuna hata mmoja anayemwonea huruma. Ndipo Doegi anafungua mdomo: nilimwona mwana wa Yese akija Nobu, Ahimeleki alimwuliza Mungu kwa ajili yake, akampa chakula, akampa na upanga wa yule Mfilisti.

Tafuta uongo katika taarifa hiyo, hutaupata. Kilichokosekana ni kwamba Ahimeleki alidhani anamtumikia mfalme. Walinzi wa Sauli walikataa kuwanyoshea mikono makuhani, kwa hiyo Doegi akaifanya kazi hiyo mwenyewe: makuhani 85 kwa siku moja, kisha mji wa Nobu, wanaume, wanawake, watoto wanyonyao, mpaka ng'ombe, punda na kondoo. Mwana mmoja wa Ahimeleki, Abiathari, ndiye aliyeponyoka (1 Samweli 22).

Zaburi 52, ambayo kichwa chake kinamtaja Doegi, inaufananisha ulimi huo na wembe mkali na kumwita mwenye nao mpenda uongo kuliko kusema kweli. Soma tena hapo. Taarifa ilikuwa sahihi, na Maandiko yanaiita uongo, kwa sababu ya kilichofichwa na kwa sababu ya aliyeambiwa. Kwa hiyo ukitaka kujitetea kwa "lakini ni kweli", jiulize kwanza nusu gani umeiacha, unamwambia nani, na unatarajia afanye nini akishajua.

Kwa nini Mithali inayaita maneno ya mchongezi "vitu vitamu"?

Kwa sababu ni matamu. Mithali 18:8 haijifanyi kama umbea unachosha, na mstari huo umerudiwa wote 26:22, kana kwamba aliyekusanya alijua tutausahau. Hata sisi mitaani habari ya mtu tunaiita ubuyu. Kanga inatuonya kwamba umbea hauna posho, lakini malipo yapo: kwa dakika kumi wewe ndiye unayejua, na wote wamekuelekezea masikio. Anayefundisha kuhusu ulimi bila kukiri utamu huo atawafundisha watu wanaoitikia "amina" na kuendelea palepale walipoishia.

Mimi sikusema kitu, nilisikiliza tu. Nina hatia?

Tukae hapa kwa muda, maana kwa maoni yangu Biblia inamtwisha msikilizaji mzigo mkubwa kuliko tunavyopenda kukubali. Kisa chenyewe ni cha Siba na Mefiboshethi.

Mefiboshethi alikuwa mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili. Daudi, kwa ajili ya kiapo chake kwa Yonathani, alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli na kumketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba ya Sauli, alipewa kazi ya kuyalima mashamba hayo pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20 (2 Samweli 9). Kaya kubwa, kwa hiyo, ikifanya kazi kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Kisha Absalomu anaasi. Daudi anatoka Yerusalemu kwa miguu, pekupeku, kichwa amekifunika, analia. Anapita kilele cha mlima kidogo tu, Siba huyo hapo amemngojea. Ana punda wawili waliotandikwa, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Mfalme anauliza: mwana wa bwana wako yuko wapi? Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu, eti anasema leo nyumba ya Israeli itamrudishia ufalme wa baba yake (2 Samweli 16:1-4).

Angalia saa aliyoichagua. Daudi amechoka, watu wake wana njaa, na mtoto wake wa kumzaa amemgeuka. Mtu wa hali hiyo ukimwambia kwamba mwingine naye, wa mezani pake kabisa, amemgeuka, unamthibitishia tu anachokiogopa. Na mleta habari hakuja mikono mitupu. Daudi hakuuliza swali la pili. Palepale njiani akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Vita vikaisha, mfalme akarudi. Mefiboshethi akashuka kumlaki, naye hakuwa ameosha miguu, wala kukata ndevu, wala kufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka (2 Samweli 19:24). Anaeleza: nilitaka kutandika punda niende nawe, mimi ni kiwete, mtumishi wangu akanidanganya na kunisingizia kwako. Ushahidi uko mbele ya macho ya Daudi, maana ndevu za namna hiyo haziоti asubuhi moja. Na mfalme anasemaje? Kwamba hana haja ya kuendelea kueleza mambo yake. Yeye na Siba wagawane mashamba.

Wapo wanaoona kwamba Daudi hakuweza kujua nani mkweli, ndiyo maana akagawa nusu kwa nusu. Mimi naona alijua vizuri. Ila kumnyang'anya Siba kila kitu kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba yeye, mfalme, alihukumu kesi barabarani kwa kusikia upande mmoja na kula mikate ya mshitaki. Mefiboshethi akajibu kwa ufupi: na achukue yote, maadamu bwana wangu mfalme amerudi kwa amani.

Daudi hakumsengenya mtu. Alisikiliza, akaamini, akachukua hatua. Mithali 18:13 inamwita anayejibu kabla hajasikia mpumbavu, na mstari wa 17 unaongeza, "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa na haki", mpaka mwenzake aje kumchunguza. Siba alikuwa wa kwanza kufika, na hilo tu lilitosha.

Na uhusiano? Kiapo kilisimama: baadaye, Wagibeoni walipodai watu wa ukoo wa Sauli, Daudi alimwachilia Mefiboshethi kwa sababu ya Yonathani (2 Samweli 21:7). Lakini kuhusu kuketi pamoja mezani, Biblia haisemi tena neno. Msingiziaji alipata nusu ya shamba, na hao wawili walibaki wanaheshimiana kwa sababu ya kiapo. Familia nyingi zinaishi hivyo. Salamu zipo, michango ya harusi inatolewa, ila hakuna anayekwenda kwa mwenzake kula.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Si kweli?

Methali ni nzuri, lakini si kanuni ya ushahidi. Matendo 21 inaonyesha uvumi unavyozaliwa. Wayahudi wa Asia walimwona Trofimo Mwefeso akitembea mjini na Paulo. Walichokiona kilikuwa kweli. Baadaye wanamkuta Paulo hekaluni, wanadhani amemwingiza huyo Mmataifa ndani, wanapiga kelele, mji mzima unataharuki, na Paulo anaokolewa chupuchupu na askari wa Kirumi. Luka anaandika wazi kwamba walidhani tu (mstari wa 29). Kati ya "niliwaona pamoja mjini" na "amelinajisi hekalu" hapakuwa na mtu aliyeuliza.

Linganisha na Yoshua 22. Makabila yaliyorudi ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Habari zikawafikia wenzao kwamba ndugu wameasi, na Israeli yote ikakusanyika Shilo tayari kwa vita. Ila kabla ya kushuka walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi wakaulize. Walikwenda kwa ukali, maneno yao ya kwanza ni mashitaka matupu, lakini walikwenda kwa wahusika wenyewe. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya sadaka, ni ushahidi tu kwa vizazi vijavyo, watoto wasije wakaambiwa kwamba hawana sehemu kwa Mungu wa Israeli. Vita ikafutwa. Safari moja ya watu kumi na mmoja kuvuka mto iliokoa maelfu.

Tukisema "tumwombee ndugu fulani" na kueleza anayoyapitia, huo nao ni umbea?

Inategemea mhusika amekutuma. Sote tumeisikia sala hii: "Baba, tunamleta mbele zako dada yetu, unajua alivyorudi kwao na mabegi, unajua na yule kijana anayekuja pale usiku…" Mungu anaambiwa anachokijua, na jumuiya nzima inaambiwa isichokijua. Baada ya "amina" maswali yanaanza.

Mtu anaweza kuombewa bila kuelezwa. "Kuna ndugu anapita pagumu, tumkumbuke" inatosha. Anayesikiliza huko juu hahitaji anuani. Ukitaka kutaja jina na jambo, piga simu kwanza umwombe ruhusa. Akisema hapana, liombee peke yako chumbani.

Mume wangu humweleza mama yake kila ugomvi wetu. Anasema anatafuta ushauri. Nifanyeje?

Dada, jambo lako lina sura mbili. Kutafuta ushauri si dhambi, na mama mkwe mwenye busara ni baraka. Lakini angalia kinachofuata. Nyinyi mnagombana Jumatatu, Jumanne mmeshapatana, mnacheka. Mama hakuwapo kwenye kupatana. Yeye anabaki na ile Jumatatu, na mawifi wanaongezewa sehemu yao. Ukifika kwenye msiba mwezi ujao unapokewa kwa mkono wa baridi kwa kosa ambalo mumeo hata halikumbuki.

Mithali 17:9 inasema afunikaye kosa hutafuta kupendana, bali arudiaye neno hutenga rafiki. Zungumza naye mkiwa na amani, msikubaliane katikati ya ugomvi. Mchague pamoja mtu mmoja au wawili wa kuwasikiliza nyote wawili kwa pamoja: wasimamizi wenu wa ndoa, mchungaji, au shangazi mnayemwamini. Na wewe pia ukague simu yako, maana mara nyingi anayelalamika kuhusu mama mkwe ana dada yake anayejua yote.

Kuna jambo ambalo halifunikwi: kipigo. Mke au mume anayepigwa hafungwi na mstari huu. Anapaswa kusema, na kusema mapema, kwa mtu anayeweza kumsaidia.

Kusambaza ujumbe "kama nilivyopokea" ni kosa? Si mimi niliyeuandika.

Sanbalati alifanya hivyohivyo zamani. Nehemia alipokuwa anajenga ukuta wa Yerusalemu, adui zake walimwita mara nne kwenye kikao, akakataa. Mara ya tano Sanbalati alimtuma mtumishi na barua iliyo wazi, haikutiwa muhuri, ili kila mkono iliopitia uweze kuisoma. Ndani yake: imeenea habari kati ya mataifa, naye Gashmu anasema hivyo, kwamba wewe na Wayahudi mnataka kuasi na wewe uwe mfalme wao (Nehemia 6:5-7).

"Imeenea habari" na "Gashmu anasema". Sanbalati hasemi lolote kwa jina lake. Amepokea tu, anapitisha. Na barua imeachwa wazi kwa makusudi. Kundi la WhatsApp la ukoo au la kwaya ni barua ya namna hiyo. Anayebofya kusambaza anaongeza kitu ambacho mwandishi wa kwanza hakuwa nacho: uaminifu wake mwenyewe. Shemeji yako hamjui aliyetunga ule ujumbe, ila wewe anakujua, na kwa sababu umetoka kwako ataamini.

Tunaambiwa tusiwaguse masihi wa Bwana. Je, kutaja kosa la mchungaji ni kumsengenya?

Maneno hayo yametumika kuwafunga watu midomo kuliko karibu mstari mwingine wowote. Yamo katika Zaburi 105:15 na 1 Mambo ya Nyakati 16:22, na ukisoma mistari inayotangulia utaona ni habari za wazee wa imani waliotangatanga kati ya mataifa, wachache na wageni, Mungu akiwakemea wafalme wasiwadhuru. Mstari unawalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka. Kuugeuza umlinde mwenye mamlaka dhidi ya mnyonge ni kuusoma kinyumenyume.

Paulo anampa Timotheo utaratibu: mashitaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na wadumuo kutenda dhambi waonywe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Nusu ya kwanza inamlinda kiongozi asichafuliwe jina na mtu mmoja mwenye hasira zake. Nusu ya pili inalilinda kanisa. Makanisa mengi yanaijua nusu ya kwanza kwa moyo.

Yanapokuwa mambo ya jinai, hasa mtoto anapodhalilishwa, usimpeleke mtoto akaonane "wewe na yeye peke yenu" na aliyemtendea. Mathayo 18 inazungumzia ndugu aliyekukosa, si mtoto na mdhalilishaji wake. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure Tanzania na Kenya. Kutoa taarifa huko si umbea, na anayekuambia kwamba unaliaibisha kanisa amekosea anayestahili aibu.

Nitajuaje kama natoa taarifa au nasengenya?

Paulo aliposikia kuna magomvi Korintho, alikaa akawaandikia Wakorintho wenyewe na kuwatajia waliomwambia: watu wa nyumbani mwa Kloe (1 Wakorintho 1:11). Hapo pana kipimo kizima. Waliosema walikuwa tayari kutajwa. Walimwambia mtu mwenye wajibu wa kushughulikia. Na aliyeambiwa alikwenda moja kwa moja kwa wahusika. Habari inayoanza na "usiseme nimekwambia mimi" imeshindwa kipimo cha kwanza. Isipokuwa, tena, anayesema ana hofu ya haki ya kudhuriwa. Huyo anastahili kufichwa.

Nimesingiziwa. Nijibu au ninyamaze?

Biblia haina jibu moja, na tusilitengeneze. Yesu alinyamaza wazee walipomshitaki kwa Pilato, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani, aliuliza: kama nimesema vibaya, ushuhudie ubaya huo; kama nimesema vema, wanipigia nini? (Yohana 18:23). Nehemia alijibu kwa sentensi moja, kwamba hayo umeyabuni moyoni mwako, akarudi ukutani. Paulo mbele ya liwali Feliki alijitetea hoja kwa hoja: siku ngapi zimepita tangu apande Yerusalemu, walimkuta wapi akifanya nini, na akauliza wako wapi wale Wayahudi wa Asia waliopaswa kuja kushitaki (Matendo 24).

Ukiangalia, anayejibu kwa kirefu ni yule aliye mbele ya mtu mwenye kuamua. Kwa hiyo kama uzushi umefika kwa mwajiri wako, kwa mwenzi wako au kwa wazee wa kanisa, jibu, na jibu kwa tarehe na mashahidi. Kama umeishia kijiweni, kukimbizana na kila mdomo kutakumaliza nguvu, na kila unapokanusha unawahadithia ambao hawakuwa wamesikia. Mmoja wa watu wa Mungu, Yusufu, alifungwa gerezani kwa maneno ya mke wa Potifa, na kitabu cha Mwanzo hakisemi popote kwamba mama yule alikuja kuyafuta.

Tena Mhubiri 7:21-22 ina ushauri ambao haupendwi: usiyatie moyoni yote yanayosemwa, maana moyo wako unajua kwamba nawe umewasema wengine vivyo hivyo.

Je, Mkristo anaweza kwenda polisi au mahakamani kwa kuchafuliwa jina?

Anaweza. 1 Wakorintho 6 inawaonya ndugu wasiburuzane mahakamani kwa mambo ambayo wangeyamaliza wenyewe, na Paulo huyohuyo alikata rufani kwa Kaisari. Kisheria, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa uenezaji wa habari za uongo mtandaoni, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya fidia bado inawezekana. Kabla ya wakili, jaribu wazee.

Nilimsema mtu vibaya na sasa nimejua nilikosea. Nianzie wapi?

Anzia kwa wale uliowaambia. Watu wengi hukimbilia kwa Mungu, halafu kwa aliyesemwa, na kuishia hapo, huku watu sita bado wanaamini uongo wao. Walawi 6:1-5 inamtaka aliyemdhulumu mwenzake kwa udanganyifu arudishe alichochukua pamoja na sehemu ya tano juu yake. Ulichochukua ni jina lake, na liko kwa wale uliowahadithia. Rudi kwa kila mmoja useme bila kuzungukazunguka: nilikuambia hivi kuhusu fulani, haikuwa kweli, nilikosea kusema. Ikiwa uliandika kwenye kundi, sahihisha kwenye kundi lilelile. Kufuta ujumbe kimyakimya hakutoshi, kuna waliokwisha piga picha ya kioo cha simu.

Halafu nenda kwake, ikiwa ameshasikia au inaelekea atasikia. Usiende na "samahani kama nimekukwaza". Hiyo "kama" inamfanya yeye ndiye mwenye tatizo. Taja ulichosema. Ikiwa hajui kabisa na hawezi kujua, wachungaji hutofautiana. Mimi huwashauri watu wasubiri na wapime: wakati mwingine kumweleza ni kujitua mzigo na kumtwisha yeye.

Ameniomba msamaha. Lazima urafiki urudi ulivyokuwa?

Msamaha, ndiyo, unadaiwa. Siri zako, hapana. Mithali 20:19 inashauri waziwazi kutoshirikiana na mtu afunuaye midomo. Unaweza kumsalimia kwa moyo mweupe, kumpikia akiuguliwa, na bado usimwambie habari za mshahara wako. Kama kweli amebadilika, miaka itamtetea.

Anayeleta umbea nyumbani ni shangazi yangu, mtu mzima. Nitamnyamazishaje bila kumvunjia heshima?

Paulo anamwambia Timotheo kijana asimkemee mzee, bali amwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama (1 Timotheo 5:1-2). Kwa hiyo kutamka "shangazi, hiyo ni dhambi" mbele ya wageni hakufai, hata kama ni kweli. Zipo njia laini. Msifie anayesemwa: "Lakini shangazi, yule mama alitusaidia sana kwenye msiba wa babu." Uliza swali la upole: "Kwani yeye mwenyewe anasemaje?" Au jitolee: "Basi shikamoo zako nitampelekea kesho, nimuulize na hilo." Hiyo ya mwisho hukata maneno haraka kuliko mahubiri. "Moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma" (Mithali 26:20), na mara nyingi kuni zenyewe ni yale "ehee, ikawaje?" yetu. Akishikilia kuendelea, inuka ukaangalie chai jikoni, na usiharakishe kurudi.